Msuko wa Nyuma ya Sikio

Zubeda alirudi kutoka kambi ya likizo ya chuo kikuu akiwa amesukwa nywele vizuri sana, na hakujua nani alimsuka.

Ndivyo utaratibu ulivyo. Waliomaliza kidato cha sita hukaa chuoni wiki tatu ili waonje maisha ya huko: walale bwenini, wasikilize mihadhara, wapange foleni ya wali maharage. Asiyechaguliwa kujiunga hufutiwa kumbukumbu za wiki hizo kichwani kabla ya kupanda basi, ati asiumie. Mzazi hutia saini kwamba hatamwambia lolote. Nikatia. Mwanangu ana akili, nani angemkataa?

Kila jioni alikuwa akinipigia simu kutoka huko. "Mama, nimepata rafiki, anaitwa Atupele, ndiye kanisuka. Tunacheka mpaka tunafukuzwa maktaba!"

Leo ni wiki ya tano tangu arudi, na nywele zimeanza kufumuka. Amekaa mkekani, kichwa kakiegemeza gotini kwangu, nami namfumua msuko mmoja mmoja.

"Mama, kwani nani alinisuka?"

"Sijui, mwanangu."

"Alikuwa na mkono mwepesi. Wewe unanivuta."

Nikaendelea kufumua hadi nikafikia msuko wa mwisho, ule wa nyuma ya sikio. Akaudaka, akaufumbata.

"Huu uache, mama," akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka. Akageuka, akaniuliza mimi kwa nini analia.