Fundo la Farajala

Luteni wa Kizungu aliapa mbele ya mahakama ya kijeshi kwamba mateka walipigwa risasi wakikimbia. Kanali aliyekuwa hakimu akamrushia kamba askari Farajala, aliyeshtakiwa pamoja na luteni wake.

"Wafunge walinzi hawa watatu kama ulivyowafunga mateka."

"Karibuni, mabwana harusi," Farajala akawatania, akiwapanga mstari.

Koplo Rihani, mshtakiwa wa tatu, akamnong'oneza, "Legeza, ndugu yangu. Ukilegeza, tunarudi kwa wake zetu. Ukikaza, sote kitanzini."

Kamba ileile moja ikazunguka shingo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye fundo la mwisho vidole vya Farajala vikasita. Mlangoni alisimama mama wa mmoja wa waliouawa, ameuma ncha ya kanga, macho hayatoki kwenye mikono ile. Farajala alimtazama Rihani, kisha yule mama. Akavuta kwa nguvu hadi mlinzi wa mwisho akakohoa.

"Umetuua, mwanaharamu wewe," Rihani akasema.

"Haya, kimbieni!" kanali akaamuru.

Walinzi wakatazamana kwa pembe za macho. Hakuna aliyethubutu kuinua mguu.