Birika la Kunawia

Siku ya wazazi, magari yalijaa uwanja wa shule. Mama yake Lukelo alikuja kwa miguu na kapu la viazi vitamu na birika la maji ya kunawa. Lukelo alimtandikia kanga nyuma ya jiko, mahali ambapo wenzake wasingewaona.

Ilham, wa darasa lake, aliwaona. Aliacha meza ya wazazi wake yenye kuku na soda, akaja kupiga goti mbele ya mama yake Lukelo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyanyua birika lenye masizi ili amnawishe. Lakini kwao watu hunawa bombani, na hakuwahi kumnawisha mtu. Maji yote yalimwagika kwa mkupuo, yakalowesha viazi na kanga.

Lukelo alifumba macho kwa aibu. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Lukelo, kajaze birika. Huyu nitamfundisha mwenyewe."

Bomba lilikuwa katikati ya uwanja, mbele ya magari yote. Lukelo alisita, kisha akalibeba birika la mama yake, akapita nalo katikati ya watu.

Aliporudi, aliwakuta wamekaa kwenye kanga moja, mikono minne imekingwa, wakimsubiri.