Raba za Kupandia Mnara

Usijifanye hukumwona. Ulipita mbele ya benchi lile chini ya mnara, ukageuza shingo.

Bibi alikuwa akifunga kamba za raba alizonunuliwa kwa safari hii ya ugenini. Soli bado nyeupe pe. Mwanawe akampakatisha mapacha.

"Mama, hebu kaa kwanza na wajukuu zako. Tukishuka, zamu yako."

"Jana kule makumbusho ulisema hivyohivyo, baba."

Mkwewe akacheka. Wakapanda.

Pacha mmoja akamtazama. "Bibi, eti umeletwa kwa sababu yaya alikataa kuja?"

Bibi akaanza kuzilegeza zile kamba.

Kesho wanarudi kwao, na lango linakaribia kufungwa. Nawe una mama. Rudi pale uwapakate watoto hao, bibi apande. Sasa hivi!