Kosa la Tatu Darajani

Treni ya abiria ilipita taa nyekundu, ikaivaa ya mizigo ubavuni, na mabehewa matatu yakaporomoka kutoka darajani. Hakuna aliyepiga kelele. Kinyozi aliinama chini ya kiti, akaokota behewa la kwanza, akalipuliza vumbi na kulirudisha mezani.

"Rimoti," akasema, mkono kaunyoosha.

Pilipili hakuitoa. Jina hilo alipewa na wenzake wa klabu ya treni ndogo kwa sababu ya hasira zake, na Jumamosi hiyo alikuwa nazo za kugawia jirani. Watu wazima kumi na wawili, wenye mvi na wajukuu, walikuwa wameizunguka meza ya reli wakimkodolea macho kama mwizi wa kuku.

"Ilikuwa ya kijani."

"Ilikuwa nyekundu, ndugu yangu. Tumeiona wote."

Klabu hiyo ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Anayepita taa nyekundu anaweka rimoti chini na kutia sahihi daftarini. Akifikisha mara tatu, haendeshi tena mpaka kamati iridhike. Pilipili alitia sahihi mwezi uliopita, akatia tena wiki iliyopita. Hii ilikuwa ya tatu, na maonyesho yalikuwa Jumamosi ijayo.

"Na injini yangu?"

"Itaendeshwa na Nesi," akasema Kinyozi, mwenyekiti, kwa sauti ya upole iliyozidi kuudhi.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Miezi tisa aliichonga injini hiyo kwa mikono yake, hadi vitasa vya milango, leo aje kuishika mtu aliyejiunga juzi!

"Mnanivua nguo mbele za watu kwa ajili ya vitu vya kuchezea!" akafoka. Akaokota kijitu cha plastiki kilichoanguka chini ya daraja. "Nani amekufa hapa? Huyu? Haya, tumchimbie kaburi!"

Mmoja alicheka, kisha akajuta.

Nesi, mama mtu mzima aliyestaafu baada ya miaka thelathini ya wodini, akamsogelea. "Mwanangu, taa ile iko mwisho wa ukumbi. Umepima macho lini?"

"Mwezi uliopita! Kazini wanatupima, na nimefaulu!"

Hilo halikuwa uongo. Ila ubao wa herufi haukuwahi kubadilishwa tangu aajiriwe, na siku hizi aliusoma kwa kichwa, kama mtoto anavyoimba jedwali la kuzidisha. Nesi hakuhitaji kujua hayo. Mkewe nyumbani naye alikuwa ameshaanza wimbo huo huo wa macho, na Pilipili alikwishamwambia akiuimba tena watagombana.

"Asiyeona anaweza kuchonga hii?" Akaiinua injini mbele ya pua ya Nesi.

"Ya karibu unayaona. Mimi nakuuliza ya mbali. Mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali, mama. Nitakukosea adabu bure."

Kinyozi akamsogezea daftari. Pilipili alitia sahihi kwa nguvu hadi kalamu ikatoboa karatasi.

"Kazini nina miaka ishirini na miwili, na watu wananiamini," akasema huku akiiviringisha injini kwenye taulo. "Mezani kwenu ndiyo sifai?"

Kazi yenyewe hakuna aliyeijua. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Ya kuajiriwa," basi.

Aliubamiza mlango hadi vioo vikatetemeka. Barabarani, baiskeli ilimkwepa chupuchupu, na mwendeshaji wake akamtukana. Pilipili alirudisha tusi lile na nyongeza juu. Watu hawatazami wanakokwenda!

Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiichochea hasira. Nesi ana mdomo. Neno la macho likimfikia bosi, kazi imekwisha, na watoto wawili bado wako shuleni. Nani ataajiri mtu wa umri wake? Kwa ajili ya taa moja yenye ukubwa wa punje ya mchele! Alitembea akibishana nao peke yake, akijibu alichotakiwa kuwajibu mle ukumbini, na majibu yote yalikuwa makali kuliko yale aliyoyatoa.

Alifika kazini saa kumi na moja kasoro dakika tano. Akatia sahihi ya kuingia, akabadili shati, akaifungia injini kabatini pamoja na taulo lake.

"Uko sawa leo?" bosi akamuuliza. "Umevimba uso."

"Mzima kama chuma."

Akapanda ngazi tatu, akafunga mlango, akaketi. Filimbi ikapulizwa. Nyuma yake mabehewa tisa yalikuwa yamefurika watu hadi milangoni, na mbele, kule mbali relini, iliwaka taa ambayo Pilipili alikata shauri kwamba ni ya kijani.