Mlio wa Atomi ya Ndoa

Kila ndoa ilipewa atomi moja ngeni, na kigunduzi cha mionzi ukutani kililia kila ilipotoa mwale. Kwa desturi, Mzee Shemboza aliitika "Naam," na mkewe Mwantumu akaitika "Abee" kutoka jikoni.

Mwantumu alipofariki, sheria ilitaka atomi irudishwe kituoni. Aliyetumwa kuichukua alikuwa mjukuu wao, Zaituni.

"Babu, wewe ndiye uliyenifundisha kutii sheria."

"Basi ichukue, bibi wee. Unanililia nini?"

Akaichukua, kigunduzi akakiacha.

"Kikilia usishtuke, Babu. Itakuwa mionzi ya angani tu."

Asubuhi kililia. Mzee aliweka kikombe chini, akasimama wima.

"Naam," akaitika, akageukia jikoni kusubiri.

Kigunduzi kikalia tena.