Isibaki Harufu

“Chini ya kiti pia,” alisema Obwocha. “Huko ndiko harufu hujificha.”

Ochoki aliingiza mkono hadi begani, akasugua. Alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi za boma lao, ng’ambo ya soko la Marani, nusu ya mwili ndani ya gari la ndugu yake na nusu nje. Kando yake palikuwa na karai la maji ya vuguvugu yaliyokwisha kugeuka rangi. Kapeti ya gari hilo ilikuwa ya kijivu, nyororo kuliko blanketi lolote alilowahi kulalia. Mama yao alikuwa ameitapikia kuanzia nyuma ya dereva hadi mlangoni.

Obwocha ndiye aliyekuwa mdogo, lakini gari lilikuwa lake, na ajira ya Nairobi ilikuwa yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa migomba, simu mkononi.

Asubuhi hiyo Ochoki alikuwa amembeba mama mgongoni, akapanda naye mteremko katikati ya majani chai hadi barabarani, kwa sababu Obwocha hakutaka gari lishuke kwenye utelezi. Tumbo lilikuwa limemtesa bikizee yule wiki nzima. Hakuwa na uzito tena. Ochoki alimlaza kwenye kiti cha nyuma, akamfunika leso, kisha akainua mguu ili apande amshike kichwa njiani.

Obwocha alizitazama gambuti za Ochoki.

“Na matope hayo yote?”

“Nitazivua.”

“Na hiyo miguu utaivua? Baki, Ochoki. Hospitali naijua, sihitaji wa kunionyesha.”

Mama alifungua mdomo aseme kitu. Mlango ukafungwa.

Jua lilikuwa utosini na utelezi umekauka Obwocha aliposhusha gari hadi bomani, peke yake, kitambaa puani. Ochoki alimkimbilia hata kabla gari halijasimama.

“Wamempokea?”

“Wamempokea. Lete maji na sabuni.”

Basi Ochoki alisugua kwa moyo mweupe. Wengine wangeona kinyaa, yeye hakuona. Mama alikuwa amefika mikononi mwa watu wanaojua kazi yao. Kilichobaki hapa kilikuwa kufua tu.

“Si hivyo!” Obwocha alifoka. “Fuata nyuzi zake. Unasugua kama unaosha ng’ombe.”

Ochoki alifuata nyuzi. Chini ya kiti cha mbele vidole vyake viligusa kitu laini. Akakivuta. Kilikuwa kiatu cha mpira cha mama, cha mguu wa kushoto.

“Ala! Ameingia wodini na kiatu kimoja?” Alicheka. “Sasa atatembeaje huko?”

“Huko hawatembei,” alijibu Obwocha bila kuinua macho kutoka kwenye simu. “Wanasukumwa na magurudumu.”

Ochoki alikiosha kiatu nje na ndani, akakiegemeza kwenye jiwe kikauke.

Simu ikalia. Ilikuwa ya mke wa Obwocha.

“Ndiyo, mje kesho,” Obwocha alimwambia. “Wote, hata watoto. Waombee ruhusa shuleni. Na wabebe sweta, huku ni baridi.”

Ochoki aliinamisha uso kwenye kapeti ili ndugu yake asimwone akitabasamu. Mama alikuwa amewalilia wajukuu hao tangu Krismasi. Wakimzunguka kitandani, hata dawa itapata nguvu.

Doa la mwisho lilikuwa gumu. Lilikuwa chini kabisa, kwenye kona ya mlango, mahali ambapo mtu aliyelazwa kitini hawezi kufika. Pengine gari lilikuwa limeruka kwenye shimo, Ochoki aliwaza, mama akateleza. Akaliloweka, akalikandamiza kwa tambara, akalirudia kwa brashi mpaka viungo vya vidole vikachubuka.

“Nusa,” Obwocha aliamuru.

Ochoki aliweka pua kwenye kapeti. “Ni sabuni tu.”

“Nusa tena. Nitapakia wakwe zangu humu.”

Akanusa tena. Kisha wakaitoa kapeti pamoja, wakaianika kwenye ua. Upepo ulikuwa mzuri siku hiyo. Ilipokauka, Ochoki aliirudisha mwenyewe, akaibonyeza kila pembe ikae ilivyokuwa.

Kutoka jikoni mkewe, Mokeira, alileta chupa ya uji wa wimbi, moto, imefungwa kwa taulo. Ochoki alikuwa ameshakoga. Alisugua nyayo zake kwa jiwe hadi nyufa zikawa nyeupe, akavaa shati la Sabato na viatu ambavyo havikuwahi kuona shamba. Alisimama kando ya gari kama bwana harusi, akainua mguu mmoja, kisha wa pili, ili Obwocha azione soli.

“Sasa huna sababu,” alisema akicheka. “Nitakaa nyuma, sitagusa kitu. Twende kabla uji haujapoa.”

Obwocha aliitia simu mfukoni. Alipiga magoti kwenye mlango wa nyuma, akapitisha kiganja juu ya kapeti polepole, akafika hadi kwenye ile kona. Alinusa kiganja chake. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, uso wake ulikunjuka.

“Umefanya kazi safi, ndugu yangu.”

Akasimama, akajipangusa magoti, akaufunga mlango taratibu.

“Uji anywe Mokeira,” alisema. “Mama alikata roho hata hatujafika lami. Ningekuambia ile saa sita ungekaa chini ulie, na doa lingenikaukia.”