Hondohondo na Siri ya Mezani

Zamani wanyama walipokuwa na mtangazaji wao, kazi hiyo aliishika Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Kila asubuhi alimsimamisha mkubwa mmoja mbele ya umati, akambana kwa maswali mpaka jasho likamtoka. Mama Ngiri hakwenda bwawani kabla ya kumsikiliza. "Huyu ndiye mtetezi wetu," aliwaambia wanawe.

Jioni Hondohondo alikula kwa wakubwa hao hao. Huko walikuwa na mila yao: yasemwayo mezani hayatoki nje.

Siku moja Mamba akatokea bwawani, akawala watoto wote wa Ngiri. Kesho yake Hondohondo alimvaa Fisi, mkuu wa bwawa asiye na haya.

"Nani alimruhusu Mamba kuhamia pale?"

"Mimi."

"Na nani mwingine alijua akanyamaza? Mtaje! Usinizungushe!"

Fisi akacheka. "Si wewe? Nilikwambia juzi tukitafuna mbavu."

Hondohondo akababaika, "Yale... yale yalikuwa ya mezani. Muungwana hatoi siri."

Mama Ngiri akapasua umati mpaka chini ya tawi alilotua Hondohondo, akanguruma, "Wanangu nao wamefika mezani, kwa Mamba! Mdomo wote huo, ukashindwa kuniambia 'msiende'?"

Tangu hapo Ngiri huingia shimoni mwake kinyumenyume, meno na macho yake mwenyewe yakielekea mlangoni. Hangoji tena mtangazaji.